Tumeona Ulichokifanya

Ipo nchi, msomaji, na usipoiona kwenye ramani usiilaumu nchi. Mchora ramani naye aliombwa asiione, akaombwa vizuri. Inaitwa Jamhuri ya Sitara. Ina bendera, ina wimbo, ina mto mmoja mkubwa wenye madaraja matatu, mawili yakiwa katika vitabu vya Wizara na moja likiwa juu ya maji. Watu wake ni wapole. Viongozi wake ni wengi, na karibu wote walisoma shule moja ya bweni, Shule ya Wavulana ya Gomani, ambako walifundishwa kuamka kabla ya jogoo, kutandika kitanda bila kunyanzi, na kutomtaja mwenzao. Mafunzo mawili ya mwanzo waliyasahau.

Hayo mafunzo matatu walipewa na Mwalimu Athanasi Lukwale, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mwalimu wa nidhamu shuleni hapo, na kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi na kiranja mkuu wa hapo hapo. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyeegemea kiti. Viatu vyake viling'aa kiasi kwamba mwenye haraka angeweza kujinyolea ndevu kwa kuvitazama. Alipostaafu, Benki ya Amana ya Taifa ilimwita na kumpa Kitengo cha Arifa, ikiamini kwamba mtu aliyewanyamazisha wavulana mia sita kwa kikohozi kimoja hashindwi kuwaandikia wateja.

Kitengo kilikuwa na watu wawili: Mwalimu, ambaye alitunga, na Bibi Staamili Mponda, ambaye alichapa. Bibi Staamili alikuwa na miaka ishirini na saba kazini na miezi kumi na mmoja tu ya kufika kustaafu. Nyumba aliyoianza miaka tisa iliyopita ilikuwa imesimama kuta tupu, ikisubiri mafao yake ili ipate paa. Ukitaka kumfurahisha ungemuuliza habari za mabati.

Hapa yafaa nieleze desturi moja ya nchi ile, kwa maana bila hiyo mgeni hataelewa. Waraka wa Sitara hauandikwi jina la aliyeutunga. Huandikwa, chini kabisa pembeni, herufi mbili za aliyeuchapa. Waasisi waliona mbali: mkubwa ana mambo mengi ya kukumbuka, na si haki kumwongezea na yale aliyoyasema mwenyewe.

Basi ikatokea kwamba mtu asiyejulikana alitumia kadi ya mkopo ya mke wa Spika kununua majokofu kumi na mawili, na mke wa Spika akaja kulijua jambo hilo baada ya mwaka mzima. Bunge likawaka. Ikaamriwa kwamba tangu siku hiyo kila kadi ikitumika, mwenye kadi apelekewe arifa kwenye simu yake papo hapo. Amri ilikuwa njema. Tatizo lilikuwa kifungu cha saba cha Sheria ya Siri ya Mteja, kinachokataza benki kutaja kiasi kilicholipwa, duka lililolipwa au kitu kilichonunuliwa, hata kwa mteja mwenyewe, kwa kuwa haijulikani amekaa na nani anaposoma.

Kamati ya Wataalamu ilikaa vikao kumi na kimoja. Ikakubaliana kwamba ujumbe uanze na neno "Mteja" na uishe na "Ahsante kwa kutuamini". Katikati waliruhusu saa. Yaliyobaki wakamwachia Mwalimu Lukwale, wakaenda kula.

Mwalimu hakuhitaji vikao. Pale Gomani kulikuwa na kauli moja iliyotumika mstarini asubuhi kila lilipotokea kosa lisilo na mwenyewe. Mkuu wa shule wa zamani aliirithi kwa aliyemtangulia, na Mwalimu akairithi kwake: "Nimeona ulichokifanya. Unajua ni wewe. Jitokeze kabla sijakufuata." Kisha unanyamaza, unatazama juu ya vichwa vyao kama unayetazama mvua inayokuja. Kwa mkate mmoja ulioibwa walikuwa wakijitokeza wavulana saba, na mkate wenyewe ukapatikana mara mbili. Kauli ile haikuwahi kushindwa, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja Mwalimu hakuwa na mazoea ya kuisimulia.

Akaandika kwa mwandiko wake uliolala vizuri, akamkabidhi Bibi Staamili karatasi:

MTEJA. TUMEONA ULICHOKIFANYA LEO SAA 4:17 ASUBUHI. KAMA NI WEWE, UNAJUA LA KUFANYA. KAMA SI WEWE, JITOKEZE KABLA HATUJAKUFUATA. AHSANTE KWA KUTUAMINI.

Bibi Staamili akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mwalimu, mtu amenunua sukari. Anafika mlangoni, simu inalia, anakuta haya. Si atadhani tumemwona anaiba?"

"Mwenye dhamiri safi hatishiki, Bibi Staamili."

"Na huyu ambaye si yeye, anajitokezaje? Si yeye!"

"Ndiyo maana anaambiwa ajitokeze."

"Haya," alisema Bibi Staamili, akavaa miwani. "Mimi nachapa tu. Lakini Mwalimu, mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo."

Akachapa. Chini pembeni akaweka herufi zake, S.M., kama alivyofanya kwa miaka ishirini na saba, na waraka ukapanda ghorofani kupigwa mihuri sita.

Mtambo wa arifa uliwashwa siku ya Jumatatu. Kufikia saa tano, mteja mmoja alikuwa ametoka kinyozini mbio akiwa na nywele upande mmoja. Bibi mmoja aliyenunua chekeche la unga alifika benki na risiti, cheti cha ndoa na shahidi, akakiri mbele ya foleni nzima kwamba aliyemla kuku wa jirani ni yeye, ila kuku ndiye aliyeanza kuingia jikoni. Katika mtaa wa Mikoroshini, mume mmoja aliacha simu mezani akaenda kuoga, alipotoka alimkuta mkewe amekaa mkabala wa mlango, simu mkononi, sauti ya upole kabisa: "Baba Fadhila, hebu nieleze, saa nne na dakika arobaini ulikuwa unafanya nini ambacho benki nzima imekiona na mimi sijakiona?" Alikuwa amenunua betri ya redio. Hakuaminiwa, na hadi leo redio ile haiwashwi nyumbani humo.

Benki ikalazimika kufungua dirisha la pili lenye kibao: WANAOJITOKEZA.

Hadi hapo serikali ilicheka. Wananchi kujitokeza ni jambo jema, huonyesha utii. Kicheko kilikatika siku ya Jumatano, pale alipoingia Mhandisi Gervasi Chilumba, Mkurugenzi Mkuu wa Madaraja, akiwa na walinzi wawili na jasho la watu watatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Chilumba. Chomekea shati."

Mhandisi, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, akachomekea.

"Mwalimu, ni mimi."

"Ni wewe umefanya nini?"

"Daraja la Kivukoni, Mwalimu. Lile lililozinduliwa."

"Lina nini?"

"Halina kitu. Yaani lenyewe halipo. Tulikata utepe, Mwalimu, lakini utepe ulifungwa kwenye miti miwili."

Mwalimu akatazama daftari la mtambo. "Chilumba, ulipopata arifa ulikuwa wapi?"

"Mgahawani. Nilikuwa nimemaliza supu ya kongoro."

"Ulilipa kwa kadi?"

"Nililipa kwa kadi."

"Basi ndicho tulichokiona."

Mhandisi akakodoa macho. "Supu?"

"Supu."

"Supu tu? Na daraja je?"

"Daraja hatukuliona."

"Hata mimi sijawahi kuliona, Mwalimu," akasema Mhandisi kwa unyonge, na Bibi Staamili akalazimika kuinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na Chilumba alikuwa amesema mbele ya foleni. Kesho yake walikuja wengine. Meya alinunua dawa ya kikohozi, akaja kukiri viwanja vya makaburi alivyowagawia walio hai. Mganga Mkuu alijaza mafuta gari, na kabla ya saa sita jenereta ya hospitali ya rufaa ilikuwa imerudi hospitalini, ikiwa bado na shada la maua ya harusi ya binti yake. Kufikia Ijumaa foleni ya wakubwa ilizunguka jengo. Na jambo la ajabu, au la kawaida kwa aliyewahi kuishi bwenini: hakuna aliyewapanga, lakini walijipanga wenyewe kwa vimo, wafupi mbele, mikono nyuma, macho juu, bweni la Simba kushoto na bweni la Kifaru kulia. Mwalimu Lukwale alipopita mbele yao wakajinyoosha kwa pamoja. Waziri mmoja aligundua kwamba kucha zake ni ndefu, akazificha.

Kwa siku tisa Jamhuri ya Sitara ilikuwa nchi ya kutisha. Madawati yalirudi shuleni yakiwa na harufu ya baa. Mtambo wa kushindilia lami ulikutwa bustanini kwa mtu, ukaondolewa, na njia ulikopita kuondoka ikawa barabara bora kuliko zote wilayani. Wagonjwa walipata taa wakaanza kuonana, na baadhi yao wakaanza kuuliza maswali.

Ni aliyenunua majokofu kumi na mawili tu ambaye hakujitokeza.

Siku ya kumi Mwalimu aliitwa na Mheshimiwa Dakta Ludoviko Mashombo, Waziri wa Amana na Siri. Waziri alikuwa amesoma darasa moja na Mwalimu, akalala kitanda cha juu yake, na alipofurahi au alipotaka kitu alimwita "Kiranja". Mwalimu alipitishwa korido ndefu, akakarimiwa maji baridi sana. Aliyaona majokofu yamepangwa ukutani, na kwa kuwa mwalimu hawezi kuona vitu vimepangwa asivihesabu, akayahesabu. Yalikuwa kumi na mawili. Akanywa maji.

"Kiranja!" alisema Waziri, akinyanyuka nusu. "Keti, keti. Umenenepa."

"Sijanenepa."

"Basi nimekonda mimi kwa mawazo. Sikiliza. Serikali haipingi ukweli. Serikali imekuwa mstari wa mbele katika ukweli tangu uhuru. Inachopinga ni ukweli usio na ratiba. Ukweli unaokuja wote wiki moja, watu wataula na nini?"

"Kauli ile ni sahihi," alisema Mwalimu. "Wewe mwenyewe uliisimamia mstarini."

"Nani amesema si sahihi? Ndiyo maana imepatikana Nishani ya Taifa ya Nidhamu, daraja la pili, na utavishwa wewe. Ila lazima awepo aliyekosea. Tumeunda Tume ya Kumbaini Aliyesababisha Kubainika. Nayo Tume imeuangalia waraka. Chini pembeni pana herufi S.M."

Mwalimu akaweka bilauri chini. "Huyo ni Bibi Staamili. Amechapa tu. Nilitunga mimi."

"Wapi pameandikwa?"

Hapakuwa pameandikwa popote.

"Atafukuzwa kazi bila mafao, hapo yamekwisha, nchi inalala," alisema Waziri. "Hatukuombi useme uwongo, Kiranja. Tunakujua, hutasema. Tunakuomba ukae kimya, kama ulivyozoea." Akatabasamu, tabasamu la mtu wa kitanda cha juu, anayejua aliye kitanda cha chini alitoka saa ngapi. "Ile kamba ya kengele unaikumbuka?"

Mwalimu alitembea kwa miguu kurudi nyumbani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na ile kamba ikatembea naye.

Alikuwa kidato cha tatu, kiranja, na mtihani wa hesabu ulikuwa asubuhi. Ili alale nusu saa zaidi alikata kamba ya kengele ya alfajiri kwa wembe. Shule nzima ililala hadi jua likawaingia puani. Mstarini Mkuu wa shule akasema ile kauli: nimeona ulichokifanya. Wakatoka kumi na mmoja. Aliyetoroka kwenda sinema akatoka, aliyeficha tumbaku akatoka, na akatoka mvulana mwembamba aitwaye Zakayo Nyondo, aliyeruka ukuta kwenda kumtazama mama yake mgonjwa. Kwa kuwa Nyondo ndiye aliyekuwa nje, ikaonekana ndiye aliyekata. Akafukuzwa siku hiyo hiyo, sanduku kichwani. Kiranja Lukwale alisimama wima, mikono nyuma, akamtazama hadi alipopotea langoni. Mgongo wake haukupinda. Haujapinda tangu siku hiyo, na watu huusifu sana.

Kwa hiyo alijua, kuliko mtu yeyote katika Jamhuri, kasoro ya kauli ile: humtoa kila mtu isipokuwa aliyefanya.

Nawe utauliza, kwa nini wakubwa hawakuamuru tu arifa zizimwe? Waliamuru. Lakini amri ya kuzima lazima ichapwe, na kitengo chote kilikuwa na mchapaji mmoja, naye walikuwa wamemsimamisha kazi. Arifa zikaendelea kwenda.

Tume ilikaa siku ya Jumanne katika ukumbi wa benki. Mezani palikuwa na wajumbe saba, Waziri katikati yao, na mto mwekundu wenye nishani. Mwalimu aliketi mstari wa mbele, tai mpya shingoni, aliyoinunua asubuhi ile kwa kadi kwa sababu ya zamani ilikuwa na uzi uliochomoka na nishani haivaliwi juu ya uzi. Bibi Staamili aliketi peke yake upande wa pili, mkoba magotini, kama abiria aliyeambiwa gari lake limeshaondoka.

"Mama," mjumbe mmoja alimwambia kwa upole, "una la kusema?"

"Nina la kuuliza, Mheshimiwa. Huu mwaka wa ishirini na nane nachapa mnayosema. Ni lini mmenisikia nasema?"

Ukumbi ukanong'ona. Waziri akagonga meza, akasimama. Alisema kuhusu misingi, alisema kuhusu mustakabali, alisema kuhusu nchi jirani zinazotuonea wivu. Kisha, kwa kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, akatazama juu ya vichwa vya watu kama anayetazama mvua inayokuja.

"Tume imeona kilichofanyika," akasema. "Aliyefanya anajua ni yeye. Ajitokeze kabla hatujamfuata."

Watu wote wakageuza macho kwa Bibi Staamili. Naye akashika mkoba wake, akaanza kunyanyuka, maana alikuwa mama wa watu na hakupenda kusubiriwa.

Hapo simu ikatetema mfukoni mwa Mwalimu. Mtambo, siku hiyo, ulikuwa umechelewa. Akaitoa, akasoma maneno yake mwenyewe:

MTEJA. TUMEONA ULICHOKIFANYA LEO SAA 2:05 ASUBUHI. KAMA NI WEWE, UNAJUA LA KUFANYA.

Mwalimu Lukwale akajua la kufanya. Akatoka mbele, hatua tatu, akageuka kuwatazama watu.

"Keti, Bibi Staamili," akasema. "Ni mimi."

"Kiranja, rudi kitini," Waziri alisema kwa meno. "Anayetafutwa si wewe."

"Ndiye mimi. Kauli ile nilitunga mimi, na huyu mama alinionya, nikamjibu kwa kiburi. Na kamba ya kengele ya Gomani nilikata mimi, akafukuzwa Zakayo Nyondo. Naomba iandikwe."

Wajumbe wakanong'onezana. Fomu ya Tume ilikuwa na nafasi ya jina la mtuhumiwa, nayo ilikuwa imeshajazwa. Haikuwa na nafasi ya mtu anayekuja mwenyewe. Isitoshe, hapakuwa na wa kuandika.

"Yupo," Mwalimu alisema. "Mmemkalisha pale."

Hivyo mashine ikaletwa, na Bibi Staamili akachapa maelezo ya Mwalimu neno kwa neno, naye akayatoa polepole, kama imla. Alipofika mwisho akaongeza: "Nukta. Aya mpya. Majokofu kumi na mawili ya mke wa Spika yako katika korido ya Waziri wa Amana na Siri, upande wa kushoto. Maji yake ni baridi sana. Nukta."

Waziri akakumbuka kwamba ana mkutano.

Bibi Staamili akafika chini pembeni ya karatasi. Vidole vikasita.

"Mwalimu, hapa niweke herufi za nani?"

"Zangu."

"Haijawahi kuwekwa hivyo."

"Weka."

Akaweka: A.L. Wazee wa masjala husema ulikuwa waraka wa kwanza katika Jamhuri kubeba herufi za aliyesema.

Kilichofuata kilikuwa cha kisheria kabisa. Bibi Staamili hakuweza kuadhibiwa, kwa kuwa maelezo yalimtoa. Mwalimu hakuweza kuadhibiwa, kwa kuwa ili aadhibiwe ingebidi maelezo yasomwe, na yakisomwa majokofu yangesomwa nayo. Tume ikagundua kwamba hakuna aliyesababisha, ikafunga waraka kwa miaka hamsini. Mwalimu alinyang'anywa kitengo na kadi. Nishani, kwa kuwa mto ulikuwa umeshakodiwa, alivishwa Waziri. Hospitali iliandikiwa irudishe jenereta, kwani iliipokea bila risiti. Na daraja la Kivukoni lilizinduliwa tena, safari hii kwa utepe mrefu zaidi.

Mara ya mwisho Mwalimu alionekana kituo cha mabasi ya mkoani, sanduku la bati kichwani, akiuliza kama kuna mtu anayemfahamu Zakayo Nyondo, ambaye inasemekana siku hizi ni fundi baiskeli. Waliomwona husema mgongo ulikuwa umepinda kidogo, na kwamba alionekana kutembea vizuri zaidi.

Bibi Staamili alistaafu mwezi wa tatu mwaka uliofuata. Siku hiyo alikwenda dukani na kadi yake, akanunua mabati. Alipokuwa bado mlangoni, akiwaonyesha wapagazi lipi lianze kupakiwa, simu yake ikalia. Kamati ya Wataalamu ilikuwa imekaa vikao vingine kumi na kimoja na kupata maneno mapya:

MTEJA. HATUKUONA CHOCHOTE. AHSANTE KWA KUTUAMINI.

Akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Mimi niliona," akasema, akawaambia wapagazi wapakie.